Mguu Mfupi, Ubao Mrefu

Msomaji mstahiki, ikiwa gazeti la juma lililopita ulilifungia samaki kabla hujalisoma, sikulaumu. Samaki naye ana haki zake. Nitakufupishia.

Mimi na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, tuliingia ushirika wa boti ya abiria. Yeye alete boti, mimi nilete mashine. Yeye anakaa ng'ambo ya maji, mimi upande huu, na duka la mashine liko upande huu. Basi nikampigia simu.

"Shemeji, ule ubao wa nyuma unaoshikilia mashine, kimo chake kiasi gani?"

"Shibiri mbili kamili, Maalim. Nimepima kwa mkono wangu."

Nikaenda dukani. Muuzaji akanionyesha mashine za mguu mrefu na za mguu mfupi, kisha akatoa utepe wa kupimia. Nikamzuia. Nikamweleza kuwa mkono uliumbwa kabla ya utepe, kwamba vitabu nilivyosomeshwa mimi vinapima kwa shibiri na dhiraa, na kwamba wenye vitabu hivyo walijenga, wakasafiri, na wala hawakuzama. Nikatanua kiganja changu juu ya mguu wa mashine. Shibiri mbili. Nikaichukua.

Kiganja changu, wasomaji, ni cha mtu aliyeshika kalamu tangu utotoni. Cha shemeji ni cha mtu anayeweza kuliinua tikiti maji kwa mkono mmoja huku akizungumza habari nyingine.

Shibiri zake mbili ni inchi ishirini. Zangu mbili ni kumi na tano.

Siku tulipoifunga na kuiwasha, mashine ilipiga kelele ya kutosha kuamsha wafu, maji yakatoka povu jeupe la kupendeza, na boti ikabaki pale pale. Tukarudishwa ufukoni tukivutwa kwa kamba na boti ya kubebea mchanga, mji mzima ukitazama. Jioni yake tukakaa barazani kwangu, kila mmoja ametandaza mkono wake mezani kuonyesha kuwa ndio shibiri ya haki. Hapo ndipo ulimi wangu uliponiponza.

"Huo si mkono, shemeji," nikasema. "Hilo ni kasia. Mashine yangu haina kosa. Kosa ni la ukoo wenu."

Sikujua kwamba mke wangu amesimama mlangoni na sinia la chai.

"Mkono huo," alisema taratibu, "ndio ulioshikana na wako siku ya kunioza kwako. Siku ile hukuuona kuwa ni kasia?"

Nikaukunja mkono wangu, nikauondoa mezani.

"Mimi nakwenda kwa kaka," akasema. "Na kwa kuwa mashine yako haina kosa, siku itakapoisukuma boti ile mpaka gati la kwetu, bila kuvutwa kamba, nitashuka mwenyewe na furushi langu. Kinyume cha hapo usijisumbue, Maalim. Na usiniletee wazee wa kusuluhisha, maana wote ni wanafunzi wako."

Akaweka sinia mezani, hakumimina, akaenda zake na kaka yake. Hapo ndipo nilipowaacha juma lililopita.

*

Nyumba asimokuwamo mkewe, mtu huifahamu kwa masikio. Kifuniko cha birika nakiangusha mimi, nakiokota mimi. Nimewahubiria watu miaka na miaka juu ya subira, na kwa hakika mahubiri yale ni mazuri. Tatizo lake ni moja tu, kwamba yametungwa na mtu aliyekuwa akipikiwa.

Nikaenda kwa fundi, na ile boti aliyoiacha shemeji nimeipakia mkokoteni.

Banda lake liko nyuma ya kituo cha mafuta, lina harufu ya petroli na sabuni, na mashine zimening'inizwa ukutani mfano wa nyama buchani. Fundi mwenyewe ni mtu mfupi mwenye sauti ndefu. Hajapata kusema "sijui" tangu nimfahamu.

Aliizunguka boti, akachungulia nyuma, akacheka peke yake.

"Maalim, njoo uone. Hili bamba lililolala juu ya rafadha, juu ya hili feni la chini ya maji, unaliona?"

"Naliona."

"Linatakiwa liwe sawa na tumbo la boti, au lishuke chini yake kidogo sana. Lako limepanda juu ya tumbo. Sasa feni likizunguka halikamati maji, linavuta hewa. Ndiyo maana inapiga kelele nyingi na haiendi popote."

"Nawafahamu wasemaji wengi wa namna hiyo," nikasema.

"Mimi sijamtaja mtu, Maalim."

Nikamuuliza, kwa kujifariji, ingekuwaje kama mguu ungezidi urefu.

"Hapo ungeburuta nanga. Boti nzito, kona ngumu, na penye maji mafupi unalima. Lakini usitamani tatizo la mwenzako. Wewe una lako."

"Na dawa yake?"

"Irudishe dukani, ubadilishiwe ya mguu mrefu. Imekwisha hiyo."

Hapo ikanibidi nifunue jambo ambalo juma lililopita niliwaficha hata ninyi wasomaji wangu.

Nilikwisha kwenda dukani. Muuzaji alinikaribisha vizuri, akasema mashine haijatumika sana, anabadilisha bila maneno. Kisha akaigeuza. Kwenye kofia ya mashine, kile kifuniko chake cha juu, upande wa kulia, palikuwa na ubeti. Niliuchonga mwenyewe, kwa msumari wa moto, usiku wa kuinunua, kwa kuwa furaha ilinizidi:

Ewe farasi wa maji, hukuumbwa kuchelewa,
mwendo wako mfariji, wala hutasaidiwa.

Muuzaji aliusoma mara mbili. "Shairi zuri," akasema. "Lakini, mzee wangu, nitamuuzia nani mashine yenye shairi la mtu?"

"Mwenye kupenda mashairi."

"Huyo huwa hana boti."

Fundi aliposikia kisa hicho alikaa chini kwenye tairi ili acheke vizuri. Alipomaliza akafuta macho kwa kitambaa cha grisi, uso ukabaki na mistari.

"Mwendo wako mfariji," akasema. "Wala hutasaidiwa! Na ulivutwa na boti ya mchanga, Maalim!"

"Umemaliza?"

"Bado kidogo." Akacheka tena. "Haya. Kuna kipande cha kurefushia mguu, lakini cha aina yako hakipatikani hapa. Kilichobaki ni kimoja. Mguu haurefuki, basi ubao ufupishwe. Naukata katikati, inchi tano, nafanya pengo, mashine inakaa ndani ya pengo. Bamba linashuka mahali pake. Leo hii hii."

Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Kisha fundi akauliza swali ambalo mtu wa dini nilipaswa kuliuliza mimi.

"Boti ni ya nani?"

"Ya shemeji."

"Ameruhusu?"

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo pa kuungama. Ningeweza kumpigia simu shemeji. Lakini simu yake husikika nyumba nzima, na nyumbani kwake yumo mke wangu. Ningelazimika kutamka, akiwa anasikia, kwamba mashine yangu ni ya mguu mfupi na nahitaji ubao wa kaka yake ukatwe ili nionekane mkweli. Nikaona uzito. Nikajitolea fatwa.

Nilijiambia kwamba mshirika huweza kutenda katika mali ya ushirika kwa maslahi ya ushirika. Nikakumbuka na mlango wa kitabu unaoniunga mkono. Ukurasa unaofuata, kama kumbukumbu yangu ni sahihi, ulikuwa unanipinga, lakini huo sikuufungua. Akija mtu mwingine na swali kama hilo ningemtaka alete idhini na mashahidi wawili. Mimi nilijihurumia.

"Ameruhusu kwa maana," nikasema.

"Kwa maana gani?"

"Kwa maana ya ushirika."

"Maalim, mimi nimezoea ruhusa ya mdomo. Hiyo ya maana sijawahi kuishika mkononi."

"Kata," nikasema.

Akachukua msumeno.

Sauti ya msumeno katika ubao wa mtu mwingine si sawa na sauti ya msumeno wa kawaida. Nilitoka nje, nikasimama upande wa pampu za mafuta, nikajifanya nasoma bei. Niliporudi, ubao wa nyuma ulikuwa na pengo la mraba katikati, safi, na mashine imekaa humo, bamba lake sambamba na tumbo la boti. Kipande kilichokatwa kilikuwa sakafuni. Nilikisukuma chini ya meza kwa mguu.

"Na pengo hili," nikauliza, "halitaingiza maji?"

"Maji yanaingia boti inayorudi nyuma. Wewe unakwenda nyuma?"

"Mimi? Abadan!"

"Basi."

Tukaishusha majini, tukaifunga kamba kwenye nguzo ya gati, fundi akawasha. Haikupiga yowe. Ilinguruma kwa adabu, kamba ikakaza, nguzo ikalia. Watu walewale waliokuwa wamenicheka wakapiga makofi. Nilitaka kuwaambia wasipige makofi, kwani kiburi ni maradhi. Lakini waliendelea, nami sikuwazuia sana.

Jambo moja hatukulijaribu. Tulijaribu kwenda. Kusimama hatukujaribu, kwa kuwa tulikuwa tumefungwa kamba na tayari tumesimama.

*

Nikapiga simu ng'ambo.

"Shemeji, mwambie dada yako afunge furushi."

"Umepata mashine nyingine?"

"Ile ile."

Nikasikia sauti ya mke wangu kwa mbali: "Ile ile? Na ubao ule ule?"

"Mwambie boti ni ile ile," nikasema. Ukitazama vizuri, sikusema uongo. Ukitazama vizuri zaidi, nilisema.

Nikavaa kanzu mpya, nikajipaka manukato, nikakaa nyuma karibu na fundi aliyeshika usukani, kwani nilitaka kuonekana kama ninayeiendesha. Tukang'oa nanga.

Enyi wasomaji, ilikwenda! Pua ya boti ikainuka, maji yakapasuka pande mbili, kofia yangu ikataka kuniacha. Fundi akaimba. Mimi nikauimba ubeti wangu, wote mzima, hata ile sehemu ya kutosaidiwa. Ng'ambo ikaanza kukua. Nikaliona gati. Nikaona watu. Nikamwona mke wangu amesimama mwisho wa gati, furushi miguuni, mkono juu ya macho kuzuia jua.

"Punguza mwendo," nikamwambia fundi. "Tuingie kwa heshima."

Akapunguza.

Pua ikashuka, na nyuma yetu nikaona kilima cha maji kinatukimbilia. Lilikuwa wimbi letu wenyewe, tulilokuwa tunalikokota njia nzima. Likapanda, likafika penye pengo, na likaingia kama mgeni aliyekaribishwa. Miguu yangu ikalowa mpaka vifundoni.

Fundi akafungua mafuta yote. Boti ikachomoka, wimbi likabaki nyuma.

"Mbona umeongeza?" nikapiga kelele. "Gati lile pale!"

"Nikipunguza linatukuta!"

"Nani?"

"Wimbi!"

"Ulisema maji hayaingii mpaka tukirudi nyuma!"

"Hatukurudi nyuma! Ni maji yamekuja mbele!"

Tukapita mbele ya gati kwa kasi ya ajabu. Nikapata nafasi ya kuinua mkono na kusema salamu. Sidhani kama ilifika nzima.

Tukazunguka. Tukapita tena.

"Maalim!" shemeji aliita. "Simama!"

"Nakuja!"

"Unakwenda!"

Tukazunguka tena. Gati lilikuwa limejaa sasa. Mama mmoja, sauti yake kali ya sokoni, akauliza wenzake, "Huyu amekuja kumchukua mke au amekuja kumwonyesha boti?" Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Mke wangu hakucheka. Uso wake ulitufuata kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, na kila tulipopita niliona midomo yake imekaza zaidi, na sikuweza kujua kama ni hasira au ni ile namna yake ya kujizuia.

"Fanya kitu!" nikamwambia fundi.

"Ubao ukikatwa hivi, ndani yake hutiwa kisanduku cha kuzuia maji, yakiingia yanatoka."

"Kwa nini hukutia?"

"Hukuuliza."

"Mimi ni mtu wa vitabu! Ningeuliza nini?"

"Maalim, sikiliza. Nenda mbele. Mbele kabisa. Lala juu ya pua, uzito uhame, nyuma ipande. Nitapunguza kidogo kidogo."

"Nilale?"

"Kifudifudi. Na ushike."

Hivyo ndivyo nilivyofika ukweni, wapendwa. Kanzu mpya, manukato, nimelala kifudifudi juu ya pua ya boti, nimekumbatia mbao kwa mikono miwili, kofia yangu inaelea nyuma peke yake na ikisimama vizuri kutushinda sisi. Fundi akapunguza kwa kubembeleza, maji yakaingia kiasi cha ndoo chache, boti ikasogea, ikasogea, ikagonga gati taratibu. Nilipoinua uso, mbele ya macho yangu palikuwa na viatu vya mke wangu.

"Umefika," akasema.

"Bila kamba," nikasema.

"Bila kamba."

Na hapo, naapa, kona ya mdomo wake ikatikisika. Ningeweza kukaa pale kifudifudi mpaka magharibi kwa ajili ya kona ile. Aliinama akaokota furushi. Nikasema moyoni, imekwisha, tumerudi nyumbani, birika litafunikwa.

Shemeji alikuwa ameinama nyuma ya boti.

"Ubao huu," akasema, "umefanywa nini?"

Watu wakasogea mmoja mmoja kutazama.

"Nani kaukata?"

Fundi akainua mkono. Kwa hilo nampa haki yake, hakukana.

"Nani karuhusu?"

"Imeruhusiwa kwa maana," fundi akajibu, na akanitazama mimi nifafanue.

Nikasimama, natiririka maji. Nikakusanya heshima yangu iliyobaki. "Shemeji, nimekosa kukuuliza. Ilikuwa dharura. Kama ubao wako umeumia, mimi nitaujenga upya, bora kuliko ulivyokuwa."

"Ubao wangu?" Shemeji alinitazama kwa mshangao wa kweli. Kisha akamgeukia dada yake. "Nimwambie?"

"Nitamwambia mwenyewe," mke wangu akasema.

Akaliweka furushi chini tena.

"Maalim, baba alipofariki, nani aligawa mirathi?"

"Mimi." Hata wakati ule sauti yangu ilikuwa na majivuno kidogo, maana ilikuwa kazi safi, kila mrithi na fungu lake.

"Fungu langu lilikwenda wapi?"

Nikafungua mdomo. Niliyajua mafungu ya kaka zake wote, nani kanunua shamba, nani kafungua duka. La kwake nililihesabu, nikalitamka mbele ya watu, nikamkabidhi, kisha sikuuliza tena. Nilidhani limekwisha katika mambo ya wanawake, chochote kile nilichokuwa nakimaanisha kwa maneno hayo.

"Umesimama juu yake," akasema.

Nikaitazama boti chini ya miguu yangu.

"Boti ni yangu. Kaka aliisimamia tu, akajitia ni yake, kwa sababu nilimwomba."

"Lakini kwa nini mnifiche?"

"Wewe ungepanda boti ya mkeo? Kiti cha barazani nilikinunua mimi kwa jasho la kushona, ukakikwepa, ukakaa mkekani mwaka mzima na mgongo unakuuma. Nikakwambia kimeletwa na kaka. Siku ile ile ukakaa. Ukasifu na mbao."

Yule mama wa sauti ya sokoni akasema, "Heee!" kwa niaba ya gati lote.

"Nilitaka uwe na kazi yako," mke wangu akaendelea, na sasa sauti yake ilipungua, jambo ambalo ni baya zaidi. "Nilitaka uamke asubuhi una pa kwenda. Nikasema afadhali ajidanganye kidogo, mradi afurahi. Wewe ukatukana mkono wa kaka. Nikakuwekea sharti jepesi, ungeniambia tu, mashine ni fupi, tufanyeje? Ningekuja siku ile ile. Badala yake ukachukua msumeno."

Nikakamua pindo la kanzu, maji yakadondokea fungu lake.

Alishusha pumzi. "Lakini mimi sibadilishi neno. Nilisema mashine ikiisukuma boti mpaka hapa, nitashuka na furushi langu. Imeisukuma. Narudi nyumbani kwangu."

"Alhamdulillahi!" nikasema, nikanyoosha mkono nimsaidie kuingia.

"Samahani, mama," fundi akadakia. Mtu yule hajui wakati wa kunyamaza. "Kwa pengo hili, watatu haiwezekani. Uzito ukizidi, nyuma inazama, maji yanapanda ndani. Mmoja ndiyo salama. Wawili ni kwa roho juu."

Mke wangu alilitupa furushi ndani, mbele, penye pua.

"Basi shukeni."

"Wote?" fundi akauliza.

"Aliyekata bila kumuuliza mwenyewe, na aliyesema kata. Wote wawili."

Fundi akaruka gatini kwa wepesi wa mtu ambaye hiyo si mara yake ya kwanza kufukuzwa. Mimi nilishuka polepole, nikitazamia kuitwa. Sikuitwa.

"Lakini unaijua mashine?" nikamuuliza.

"Nimezaliwa hapa, Maalim. Baba alinipa usukani kabla hajanipa viatu." Akaikwangua kofia ya mashine kwa ukucha, akausoma ubeti wangu kimoyomoyo, akatikisa kichwa. "Ufunguo wa nyumba nina wangu. Wewe kaa na kaka. Kula vizuri. Ukimaliza kususa, njoo."

Akavuta kamba ya kuwashia mara moja tu. Ikawaka.

Gati likashangilia. Walimshangilia yeye, naam, lakini walinitazama mimi. Nilisimama pale, mume aliyekuja kumchukua mkewe na kuachwa ukweni, kanzu imenigandama mwilini, na shemeji akaniwekea begani ule mkono wake, kwa upole, na ulikuwa mzito kweli kweli.

Nilikuwa natunga jibu. Sikatai. Wakati boti inageuza pua na kushika njia ya nyumbani, mimi nilikuwa naipanga hoja yangu, lini nitaisema na kwa sauti gani, nikaanza na radhi na kumalizia na radhi, katikati nikaweka machozi kidogo. Boti ilikwenda vizuri. Alikuwa peke yake, boti nyepesi, inateleza. Ikafika penye maji mengi, ambapo mtu wa gatini humwona aliye ndani kimo cha kidole.

Nikamwona anageuka kututazama.

Akatazama muda mrefu. Kisha, nami nitaamini hivi mpaka nifukiwe, alipunguza mafuta ili ageuze. Alikuwa anarudi kunichukua.

Sauti ya mashine ikashuka.

"Maalim," fundi akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa fupi. "Ulimwambia asipunguze ghafla?"

"Wewe hukumwambia?"

"Nilidhani utamwambia wewe. Ni mke wako."

Nilikuwa na maneno mengi kichwani wakati ule, yote yamepangwa vina. Hilo halikuwamo.

Nikapiga kelele mpaka koo likachubuka. Mbali kule wimbi lake likamfikia, likaingia penye pengo, nyuma ikazama, boti ikainua pua juu, na mashine ikanyamaza.

Mkono ukaondoka begani kwangu. Shemeji alikwisha kuvua shati.